Saa Moja ya Bure

Alhamisi. Ugali umekwisha, sahani hazijaoshwa,
Mhina amekunjua ramani juu ya meza,
ya karatasi, maana simu, asema, haina mikunjo,
na safari isiyo na mikunjo huisha kabla ya kuanza.
Kidole chake, chenye kovu la kisu cha kiwandani,
kinatoka Louisville, kinashika njia ya magharibi,
kinapita miji ambayo majina yake tunayatafuna vibaya,
kinatua Paducah.

"Kuna nini?"
"Mito miwili."
"Na nini tena?"
"Inakutana."

Nacheka. Kisha naanza hesabu, kwa kuwa hesabu ni yangu:
petroli, maili mia mbili na ishirini, mara mbili;
chumba, Ijumaa na Jumamosi, na kifungua kinywa
(mayai ya unga, ila kahawa haina kikomo);
tairi la nyuma kushoto, lina upara kama wa mkwe wangu;
zamu yangu ya ghalani nimempa Wanda,
nitamlipa sikukuu ya Pasaka.
Hakuuliza twaenda kufanya nini.
Alisema tu, "Msirudi bila kuona blanketi."

Naam, wana jumba zima la blanketi za viraka,
zimetundikwa ukutani, zina taa zao, zina mlinzi.
Bibi yangu Korogwe alishona viraka maisha yake yote
kwa kuwa kitambaa kizima hakikuwapo,
wala hakumtoza mtu kiingilio.
Hata hivyo nataka kwenda. Nataka kusimama
mbele ya kiraka
ambacho hakizibi kitu.

Mama anapiga simu, kwake kumekaribia kucha.
"Paducah mna nani?"
"Hatuna mtu, mama."
"Nani kafa?"
"Hakuna."
"Kesi?"
"Hapana."
"Basi harusi."
Kimya. Nasikia jogoo wa jirani yake
akiwika mara ya pili.

Nitamwelezaje? Safari zetu zote
zilikuwa na sababu iliyotutangulia mlangoni:
Chicago, alama za vidole.
Nashville, kumzika Shemdoe.
Dayton, godoro la kupewa, likaja na kunguni wake.
Begi letu halijui kufungwa
pasipo mtu kuwa anatusubiri na karatasi, au na jeneza.
"Mtembezi hula miguu yake," asema mama.
"Tunakwenda na gari," namjibu,
naye anacheka mpaka bando linakatika.

Ndipo Mhina ananionyesha mstari.
Mwembamba, wa nukta nukta, umekata jimbo kama mshono.
Upande huu saa yetu; upande ule saa iko nyuma.
"Tukivuka," asema, "tunapata saa moja."
"Nani anaitoa?"
"Hakuna. Ipo tu barabarani."

Mimi niuzaye saa,
nijuaye bei ya saa ya mchana na ya usiku wa manane,
na ya sikukuu, ambayo ni moja na nusu,
sijapata kuokota hata moja.

Tukazozana tuifanyie nini.
Yeye: akae ukingoni ayatazame maji
yanavyoulizana nani aingie kwa nani.
Mimi: nilale. Mchana kweupe, pazia wazi, viatu miguuni.
Tukaigawa, dakika thelathini kwa thelathini,
kisha akasema chukua zangu,
nami nikasema chukua zangu,
na saa yenyewe ikabaki pale mezani, haina mwenyewe,
katikati ya chumvi na bili ya umeme.

Jumapili tukirudi itadaiwa, najua.
Mstari ule ule utatunyooshea mkono.
Na udai. Tulishalipa
saa ambazo hatukuzitumia.

Mhina anakunja ramani, nayo, kama kawaida yake,
inakataa kurudi ilivyokuwa.
Nafungua bomba, naosha sahani.
Tairi, namwambia. Mhina, usisahau
tairi.